Ripoti ya Bafuni

Asrat alipovuka miaka hamsini alianza kuvuta tumbo. Alilivuta kila alipopita mbele ya kioo cha ukumbini, akatembea hivyo hivyo bila kupumua mpaka jikoni, na huko akaliachia taratibu kama mtu anayetua mzigo. Alipaka masharubu rangi nyeusi, na msimu wa mvua ulipokuja rangi ikamchuruzikia mdomoni akiwa darasani, anafundisha habari za Mto Awash. Alinunua baiskeli, katika mji wa Addis Ababa usio na barabara tambarare. Akashuka nayo vizuri sana mpaka mtaa wa Piassa, kisha akarudi kwa teksi, baiskeli yake imefungwa juu. Aliapa kuacha kula injera za jioni, ile mikate mipana na laini ya nyumbani, akawa anaonja tu ukingoni mwa sinia ya mkewe, na kuonja huko hakukomi mpaka sinia ing'ae.

Mkewe, Yeshimebet, alikuwa akimcheka, naye Asrat hakukasirika. Walikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa na binti mmoja, Mahlet, anayesoma chuo Hawassa. Nyumba ilikuwa imebaki na watu wawili, na kicheko kiliijaza.

Yeshi alikuwa mwandishi. Kwa miaka mingi aliandika michezo ya redio: mayatima, wajane, mafuriko, mama wa kambo. Basi mwaka ule akaja Bereket, mtengenezaji filamu ambaye hajafika hata miaka thelathini na mitano, akaketi jikoni kwao akanywa kahawa vikombe vitatu.

"Dada Yeshi, watu wamechoka kulia," alisema. "Niandikie ya kuchekesha. Mume na mke, ndoa ya zamani, wamefika ule umri."

"Umri upi?"

"Ule wa kutafuta miwani huku umeivaa."

Yeshi alicheka, maana asubuhi ile ile alikuwa ameitafuta yake.

Aliandika miezi miwili ya mvua ndogo, Machi na Aprili, mabati yakinguruma juu ya kichwa chake. Mwalimu akamgeuza karani wa benki. Tumbo likaingia, masharubu yakaingia, baiskeli ikaingia na teksi yake. Filamu ikapewa jina *Vuta Tumbo, Mume Wangu*. Asrat alijua. Aliuliza mara moja tu, akiwa anafunga kamba za viatu kwa shida: "Na mimi nimo humo?"

"Umo kidogo. Tumbo."

"Tumbo ni la umma," akasema. "Liandike."

Lakini Bereket aliposoma alitikisa kichwa. Alisema inachekesha, ila mtu atacheka akatoka ukumbini akasahau. "Nipe kitu kimoja ambacho mwanamume hakifanyi mbele ya watu. Kimoja tu. Kitu cha mlango uliofungwa."

Yeshi alikijua. Alikuwa nacho. Alikuwa nacho kwa zaidi ya mwaka, na tangu siku ile jikoni akajua kwamba atakitoa, ingawa alijiambia kwamba bado anafikiri.

Bafu lao lilipakana na stoo ya vyakula, na ukuta kati yake haukufika darini. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Asrat alijifungia humo kunyoa ndevu, na akinyoa alikuwa akizungumza na baba yake, aliyefariki yeye akiwa kijana. Mara ya kwanza Yeshi alikuwa ameingia stoo kuchota unga wa shiro, ule wa dengu wa kupikia mchuzi. Alisikia sauti ya mumewe, tulivu, si ile ya darasani wala ile ya mezani.

"Baba, mwezi huu cheo cha mwalimu mkuu kimekwenda kwa mwingine tena. Sikusema kitu. Nilimpa mkono. Goti la kulia linaniuma nikipanda ngazi. Mahlet amefaulu hesabu. Yeshi hajambo, bado ananicheka, na nadhani hilo ni jambo jema. Baba, la ziada sina."

Yeshi alisimama pale na kikombe cha unga mkononi mpaka maji ya bomba yalipofungwa. Mwezi uliofuata aliingia tena stoo, na siku hiyo hakuhitaji unga.

Aliiandika asubuhi moja, bila kufuta neno. Karani wa benki, povu kidevuni, amesimama wima kama askari mbele ya bomba la mvua, anampa marehemu baba yake ripoti ya mwezi. Na kila akidanganya, bomba linadondosha tone. Bereket aliposoma alipiga meza kwa kiganja. "Hii hapa," akasema. "Hii ndiyo filamu."

Asrat hakuambiwa.

Ilioneshwa mara ya kwanza Jumapili ya pili baada ya mwaka mpya wa Ethiopia, mwezi wa Septemba, saa tisa alasiri, mvua zimekwisha na jua limerudi. Asrat alivaa suti ya kijivu, akaketi kando ya mkewe safu ya nne. Kwenye tumbo alicheka akampiga kiwiko. Kwenye baiskeli alisema kwa sauti, "Huyo jamaa namjua," na safu nzima ikacheka naye. Yeshi alikuwa akihesabu. Alijua ni dakika ngapi zimebaki.

Kisha mlango wa bafu ukafungwa kwenye skrini, povu likapakwa, mwigizaji akajinyoosha akasema, "Baba, ripoti ya mwezi huu." Tone la kwanza likaanguka. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwanamke aliyekuwa mbele yao aliinamia magoti yake, akafuta machozi kwa ncha ya shuka lake jeupe. Mtu mmoja nyuma alikuwa akiomba basi, basi, mbavu zangu. Yeshi aligeuka kidogo amtazame mumewe.

Asrat alikuwa anacheka. Kinywa kilikuwa wazi na mabega yanatikisika, lakini alikuwa nyuma kidogo ya wenzake: wakianza ndipo aanze, wakiacha ndipo aache, kama mtu anayefuata sala katika kanisa lisilo lake. Mkono wake uliokuwa juu ya kiti, karibu na wa Yeshi, ulikuwa umekwenda kulala mapajani.

Nje watu walimkumbatia Yeshi na kumpongeza. Asrat alishikana mikono na kila mtu. Ndani ya teksi alitazama dirishani mpaka walipokaribia nyumbani, ndipo akasema, "Filamu ni nzuri, Yeshimebet."

Siku zote alimwita Yeshiye, yaani Yeshi wangu. Jina zima alilitamka siku ya harusi mbele ya padri, na baada ya hapo wakati wa kujaza fomu tu.

Yeshi alingoja ugomvi. Alingoja siku ya kwanza, ya pili, wiki. Alikuwa amejiandaa kulia, kujitetea, hata kurushiwa kikombe ingawa Asrat hakuwahi kurusha kitu. Ugomvi haukuja. Asrat alikwenda kazini, akarudi, akasahihisha madaftari, akauliza kama umeme umekatika tena mchana. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikafika. Alichukua koti lake akasema, "Nakwenda kwa kinyozi."

"Kinyozi? Wewe hujinyoi mwenyewe?"

"Mkono umeanza kutetemeka," akasema, akaufunga mlango taratibu.

Mkono wake haukuwa ukitetemeka. Yeshi aliingia stoo, akasimama penye ukuta. Upande wa pili palikuwa kimya. Alitia mkono kwenye gunia la unga akauacha humo, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko siku aliyomzika dada yake, kwa kuwa siku ile hakuwa yeye aliyeua.

Filamu ilijaza kumbi wiki kumi. Maneno ya mwisho ya karani yakawa ya mji mzima. Utingo wa teksi akimaliza kutaja vituo anasema, "Baba, la ziada sina." Muuza nyanya akifunga mzigo anasema hivyo hivyo. Jioni moja, wakiwa mezani, Asrat alimega injera akasimulia kwa utulivu kama anayesoma gazeti.

"Leo nimemsimamisha mwanafunzi anitajie mito. Akataja Abay, Awash, Omo, Wabe Shebelle. Halafu akapiga saluti akasema, baba, la ziada sina. Darasa likaanguka chini."

Yeshi aliweka tonge chini. "Ukafanyaje?"

"Nimempa alama zote. Mito aliitaja sawa."

"Asrat, mimi nili..."

"Mchuzi unapoa," akasema.

Kesho yake Yeshi alipanda ngazi mpaka ofisi ya Bereket, iliyokuwa juu ya duka la samani, akamwomba aiondoe sehemu ile ya bafuni.

Bereket alimtazama kama mtu aliyeombwa ang'oe meno yake. "Dada Yeshi, nikitoa hiyo nabakiwa na mtu mnene na baiskeli."

"Ile ni ya mtu."

"Kila kitu ni cha mtu. Mama yangu alinikasirikia miezi sita kwa filamu yangu ya kwanza. Siku hizi akienda sokoni anajitambulisha kwayo."

"Huyu wangu si mama yako."

"Basi mwombe msamaha," Bereket alisema, na sasa hakuwa akitania. "Mimi nikikata mkanda, wewe utakuwa umeomba nini?"

Alikuwa sahihi, na Yeshi alimchukia kwa hilo muda wote wa kushuka ngazi. Kuomba msamaha kulimaanisha kusema kwa kinywa chake: nilisimama gizani nikakusikiliza. Alijaribu mara tatu wiki ile. Mara zote tatu aliishia kuuliza kama anataka chai.

Ijumaa alialikwa kwenye kipindi cha redio cha mchana. Mtangazaji, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya asali, aliuliza haya na yale, kisha akafika pale pale. "Tuambie sasa. Ile ya bafuni uliitoa wapi? Isije ikawa ni mzee wa nyumbani."

Yeshi aliona njia ikifunguka mbele yake, pana na rahisi. "Hapana," akasema. "Ni mimi. Marehemu mama yangu, kila mwezi najifungia bafuni nampa ripoti. Nilimgeuza mwanamume ili nisijulikane."

Mtangazaji alimpa pole. Simu zikamiminika, mwanamke mmoja alilia hewani akasema naye huzungumza na mumewe aliyefariki wakati wa kufua. Yeshi alitoka studio mwepesi kama aliyepona homa. Aliona amejitwika yeye, amemfunika mumewe. Njiani alinunua shayiri ya kukaanga, aliyoipenda Asrat.

Alimkuta sebuleni, hajavua koti. "Chumba cha walimu kina redio," Asrat alisema.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mama yako pia amesikia. Amepiga simu kutoka Debre Birhan. Anataka kujua amekufa lini na kwa nini hakuarifiwa."

Kwa nukta moja midomo ya wote wawili ilicheza. Kicheko kilikuwa pale pale, kimefika mlangoni. Kisha uso wa Asrat ukajifunga.

"Nilitaka kukuondolea," Yeshi alisema.

"Kuniondolea nini?"

"Watu wasije wakadhani ni wewe."

"Hakuna mtu aliyedhani ni mimi. Shuleni hakuna anayejua, mtaani hakuna anayejua. Tulijua wawili tu, mimi na wewe. Kwanza ulikichukua ukawapa watu wakicheke. Nikajiambia, sawa, wamecheka, lakini chenyewe bado ni changu. Leo umekwenda redioni ukakiandika jina lako."

Yeshi aliketi. Mfuko wa shayiri ulikuwa bado mkononi, na hakujua auweke wapi. "Nisamehe," akasema.

"Ulisikiliza mara ngapi?"

Angeweza kusema mbili. "Kumi na mbili. Labda kumi na tatu."

Asrat alirudia ile namba kimya kimya, midomo tu ikienda. "Kwa nini hukubisha?"

"Ungenyamaza."

"Ndiyo," akasema. "Ningenyamaza."

Alivua koti hatimaye, akalikunja magotini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamweleza. Baba yake alikuwa mkagua tiketi wa reli ya Dire Dawa, mtu wa safari, na nyumbani alipatikana Jumamosi moja kwa mwezi. Asubuhi hiyo alinyoa uani, kioo kimening'inizwa kwenye msumari, na watoto wakapanga mstari kumpa habari za mwezi: shule, magonjwa, nani kampiga nani. Ukimaliza ulipaswa kusema, baba, la ziada sina. Hapo yeye angechota povu kidevuni mwake kwa kidole akakupaka puani.

"Ndiyo maana tulipenda kumaliza," Asrat alisema. "Kwa sababu ya lile povu. Sasa ninyi mmemfanya jemadari. Watu elfu ngapi wamemcheka, na hakuna hata mmoja aliyemwona."

Yeshi alifunika uso.

"Alikufa na miaka hamsini na mmoja, mwezi wa Hidar, Novemba ya wazungu," Asrat aliendelea, sasa akiwa kama anazungumza na koti. "Mwezi ujao namfikia. Halafu nampita. Nitakuwa mkubwa kuliko baba yangu, Yeshimebet. Sijui mtu anampaje ripoti mdogo wake."

Yeshi alilisikia neno hilo, na kabla machozi hayajafika, kitu ndani yake kilikuwa kimeshalidaka. Kililipima, kikaliona zuri, kikalipeleka mahali pake, mwisho kabisa wa filamu nyingine, mtu amesimama peke yake mbele ya kioo. Yote hayo yalichukua muda wa kupepesa jicho. Aliposhtuka aliona Asrat anamtazama.

"Nimelitamani," akakiri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa na mkono mfukoni mwa mwenziwe. "Hata sasa hivi. Nimelitamani."

"Nimeona. Macho yako yalihama."

"Sitaliandika."

"Usiliandike," Asrat akasema, akaenda kulala mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua.

Hidar ilipofika alisema anakwenda Dire Dawa, kwenye kaburi na kwa dada zake. Yeshi aliomba kufuatana naye. "Safari hii hapana," akasema, bila ukali, na akafungasha begi mwenyewe.

Wiki hiyo mama yake Yeshi alipiga simu kila siku. "Marehemu hapa," alianza. "Nimeletewa rambirambi na majirani watatu. Mmoja kaja na kuku. Nimrudishe au nimle?"

"Mle, mama."

"Na huyo mwanamume alikufanya nini hata ukaingia redioni kuniua?"

"Hakunifanya kitu."

"Basi ndiyo vibaya zaidi. Angekufanya kitu, mngekuwa sare."

Bereket naye alikuja, akaketi kwenye kiti kile kile, akataka filamu ya pili. Yeshi alikataa. Alieleza sababu zake zote, hata zile za aibu, na Bereket alimsikiliza kwa huruma ya kweli, akamaliza kahawa, kisha akaenda kumpa kazi mwandishi mwingine. Filamu ya pili ilitoka kabla ya Pasaka. Humo karani alimpa ripoti paka, halafu mpiga pasi, halafu mbuzi wa sikukuu. Watu walicheka. Yeshi hakwenda kuitazama, lakini mabango yalikuwa kila kona, povu na saluti, na kila alipoyapita aliinamisha kichwa. Kitu alichokitoa stoo hakikuwa tena chake kurudisha.

Asrat alirudi siku ya nane, viatu vyekundu kwa vumbi la kule, uso umechomwa na jua. Aliweka begi chini akabaki amesimama.

"Sijamaliza kukasirika," akasema.

"Najua."

"Nisije nikaonekana nimemaliza kwa kuwa nimerudi."

"Sawa."

"Dada yangu mkubwa aliiona ile filamu. Anasema alicheka, akafika nyumbani akakumbuka uani petu, akalia mpaka asubuhi. Nikamwambia ni wewe uliyeandika. Anakusalimia."

"Anasemaje?"

"Anakusalimia tu," Asrat akasema, akanawa mikono, wakala.

Baada ya hapo Yeshi alikwenda sokoni akajinunulia viatu vya soli ya mbao, vile vizito vinavyovaliwa na wanawake wa majikoni kwenye sherehe. Alivivaa ndani ya nyumba tangu asubuhi. Vilipiga kelele kwenye sakafu ya saruji kama farasi wa kukokota mkokoteni, hivi kwamba popote Asrat alipokuwa, sebuleni, chumbani au nyuma ya mlango wowote, alijua mkewe yuko wapi na amesimama umbali gani. Hakueleza kwa nini anavivaa, wala hakuulizwa. Jirani wa pembeni alikuja kulalamika mara mbili.

Miezi ikapita hivyo. Kabla mvua kubwa hazijaanza tena, Asrat alikuwa mezani anasahihisha madaftari, naye Yeshi anapita na kurudi akipanga vyombo, kwa, kwa, kwa. Asrat akaweka kalamu chini.

"Hivyo viatu vinanigonga kichwani."

Yeshi alisimama pale alipokuwa, sinia mkononi. "Nivue?"

Asrat aliwaza kwa muda mrefu, akitazama miguu ya mkewe, na Yeshi hakumharakisha.

"Hapana," akasema mwishowe, akaichukua kalamu. "Vaa bado."

Akavaa, akaendelea kupanga vyombo.